Joto la Darini Haliji na Hewa

Mwite fundi aje kutazama nyumba kuukuu inayochoma mchana kutwa, na jibu lake la kwanza litakuwa tundu. Atataka kutoboa ukuta juu pembeni apachike matofali ya maua, au akate bati aweke ile kofia inayozunguka kwa upepo tunayoiona juu ya maghala. Anaamini, kama tunavyoamini wengi, kwamba kinachotutesa ni hewa ya moto iliyofungiwa darini, na kwamba ikipata pa kutokea chumba kitapoa. Si uongo. Hewa ya moto ipo, na kutoka ni lazima itoke. Ila hewa hiyo ni sehemu ndogo tu ya joto linalokufikia kitandani saa tisa alasiri. Sehemu kubwa inashuka kutoka kwenye bati hadi kwenye ubao wa dari bila kubebwa na hewa yoyote, na ingeshuka vilevile hata kama darini pasingekuwa na hewa kabisa.

Jambo hili lilijulikana zaidi ya miaka 200 iliyopita, na waliolivumbua hawakuwa wakifikiria nyumba. Mwaka 1800 William Herschel, mwanamuziki wa Kijerumani aliyehamia Uingereza, akageukia elimu ya nyota na kuigundua sayari ya Uranus, alikuwa akitafuta vioo vya rangi vya kutazamia jua bila kuumia macho. Alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, ukatawanyika katika rangi zake, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi. Joto lilikuwa dogo kwenye zambarau, likazidi kadiri alivyosogea kuelekea nyekundu. Halafu akakiweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote. Hapo ndipo kilipopanda kuliko kote. Herschel alikuwa amekutana na miale isiyoonekana, ile ambayo leo huitwa infraredi, inayosafiri kama mwanga na kubeba joto.

Miaka minne baadaye Mskoti John Leslie alichapisha majaribio yake kuhusu joto, na kwa mtu mwenye nyumba ya bati haya yana faida kubwa zaidi. Leslie alichukua mchemraba wa bati, akaujaza maji ya moto. Upande mmoja wa mchemraba aliupaka masizi, mwingine akaubandika karatasi, mwingine akauacha ukiwa chuma kinachong'aa. Maji ni yaleyale, joto ni lilelile, lakini kipimajoto kilichoelekezwa upande wa masizi kilipanda sana, na kilichoelekezwa upande unaong'aa kilipanda kidogo mno. Kwa hiyo vitu viwili vyenye joto sawa havimwagi joto sawa. Kinachong'aa hulishikilia joto lake. Kilichofifia, kilichopakwa masizi au kilichokula kutu, hulimwaga.

Sasa rudi juu ya nyumba yako. Bati jipya la mabati ya kawaida linang'aa pande zote mbili. Upande wa juu linarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka, na upande wa chini, kwa sheria ya Leslie, linatoa miale michache kuelekea darini. Miaka 15 ya chumvi ya bahari na mvua za masika inatosha kuliharibu mara mbili. Juu linakuwa la kahawia na kunywa jua karibu lote. Chini linapoteza mng'aro na kuanza kumwaga joto. Ndiyo sababu wazee wa nyumba husema hapo zamani nyumba hii haikuwa na joto hivi, na watoto wao hudhani ni mazoea tu ya kuisifu zamani. Wazee wako sahihi. Nyumba imeongezeka joto kweli, hata bila kuzungumzia hali ya hewa ya dunia.

Kuna sababu nyingine, nayo iko katika namna nyumba hizi zilivyobadilishwa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala, au Ng'ambo kule Unguja, yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, ilijengwa mara nyingi kwa paa la makuti. Kuta za ndani zilikomea chini ya paa, zikaacha nafasi ambamo hewa ilipita juu ya vichwa vya wapangaji wote, pamoja na kelele zao na siri zao. Makuti yenyewe ni rundo nene la majani na hewa iliyonaswa katikati, kwa hiyo upande wa ndani haukupata moto hata jua likiwa la utosi. Makuti yakaondoka kwa sababu nzuri: moto, panya, kuvuja, kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Yakaja mabati. Mabati yakaleta kishindo cha mvua na joto, watu wakaweka dari. Dari ikaleta faragha na usafi, na ili vumbi na mbu wasiingie, upenu ukazibwa. Kila hatua ilikuwa ya busara. Jumla yake ni chumba kidogo cha giza kati ya bati na dari, kisicho na mlango wala dirisha, kinachopashwa moto kutoka juu.

Jua la mchana likiwa limesimama wima hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 100 linapokea, saa sita mchana, joto la pasi 100 za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Bati lenye kutu hunywa zaidi ya robo tatu ya joto hilo na kufika kwa urahisi nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Sehemu kubwa linairudisha nje, kwa upepo na kwa anga. Inayobaki inakuja kwako.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu mjadala wa dari huwa ubishi wa kijiweni. Chukua nyumba yenye dari ya mita za mraba 90, bati lenye kutu lililofika nyuzi 60, na ubao wa dari wenye nyuzi 42. Mwaka 1879 Josef Stefan alionyesha kwamba mnururisho wa kitu hukua kwa kipeo cha nne cha jotoridi lake, likihesabiwa kuanzia sifuri halisi. Ukiiingiza kanuni hiyo hapa unapata takriban wati 100 zinazoshuka kutoka kwenye bati kwa kila mita ya mraba ya dari, yaani kilowati 9 kwa nyumba nzima. Sasa tuyape matundu nafasi yao. Tuseme fundi ametoboa kwa ukarimu: theluthi moja ya mita ya mraba hivi, nusu yake chini upenuni na nusu juu karibu na mgongo wa paa, tofauti ya kimo mita 1.5, na hewa ya darini imezidi ya nje kwa nyuzi 15. Siku isiyo na upepo, hewa itakayopanda na kutoka kwa wepesi wake yenyewe ni kama mita za ujazo 275 kwa saa. Inasikika kuwa nyingi. Joto itakalotoka nalo ni kilowati 1.3 hivi.

Kilowati 1.3 dhidi ya 9. Ndiyo maana watu hutoboa, hungoja, na mwisho hununua pangaboi.

Usiponiamini mimi, mwamini Leslie kwa jaribio la nyumbani. Washa jiko la mkaa, likolee. Weka uso wako pembeni ya jiko, si juu yake, mahali ambapo hewa ya moto haikufikii. Utahisi joto usoni. Kisha shika karatasi ya alumini, ile ya kufungia vyakula, katikati ya uso na makaa, bila kuigusisha popote. Joto linakatika papo hapo, kabla hewa haijapata muda wa kubadilika hata chembe. Kilichokatika ni miale ya Herschel.

Hapo ndipo ilipo dawa ya kwanza ya dari kuukuu. Karatasi ya alumini ya kujengea, ambayo wauzaji wa vifaa huileta kwa marobota ikiwa imeimarishwa kwa nyuzi au imebandikwa kwenye sponji nyembamba, ikitandazwa chini ya papi na kuacha nafasi ya hewa, inashusha zile wati 100 hadi chini ya 10. Watu wengi huiweka upande unaong'aa ukitazama juu, wakidhani kazi yake ni kurudisha joto kama kioo. Inafanya hivyo pia, lakini kinachotazama juu hupata vumbi, na vumbi likishaifunika inakuwa kama upande wa masizi wa mchemraba. Mng'aro ukitazama chini, kuelekea darini, vumbi halikai, na karatasi inafanya kazi kwa kukataa kumwaga joto lake. Akili inagoma kulikubali hilo, lakini vipimo vinalithibitisha kila mara. Sharti ni moja: pawe na nafasi ya hewa upande huo unaong'aa. Karatasi iliyobanwa katikati ya bati na ubao, imegusana pande zote mbili, ni pesa iliyotupwa, kwa sababu joto sasa linapita kwa kugusana na mng'aro hauna kazi.

Dawa ya pili ni ya juu zaidi na ni ya zamani zaidi: weupe. Rangi nyeupe mpya hurudisha robo tatu ya jua au zaidi. Bati jeupe saa saba mchana huwa limezidi hewa ya nje kwa nyuzi chache, kama 10 hivi, wakati lenye kutu limezidi kwa 30 au 40. Kwenye Kituo cha Nishati ya Jua cha Florida, Danny Parker na wenzake walipima kwa miaka mingi mapaa ya aina tofauti yaliyojengwa bega kwa bega chini ya jua moja, na paa la chuma jeupe lilikuwa miongoni mwa yaliyopoa kuliko yote. Florida ina joto na unyevu ambao mtu wa Tanga au Mombasa angeutambua. Lakini waliopaka kuta zao chokaa kutoka Lamu hadi Kilwa hawakusubiri vipimo vya Florida. Chokaa yenyewe haishiki kwenye bati, mvua mbili tatu inaondoka. Bati linataka kukwanguliwa kutu, rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeupe ya mapaa. Anayekinga maji ya mvua kwa kunywa aulize dukani rangi isiyo na risasi.

Je, matundu basi hayana maana? Yana maana, na hapa lazima nimtetee fundi, kwa sababu kuna nyumba ambazo tundu ndilo jibu, nazo ziko mahali ambapo hatuyafikirii.

Kanuni ya wajenzi wa Marekani, ambayo imenakiliwa mbali nje ya mipaka yake, inadai eneo la matundu ya darini liwe sehemu 1 kwa 300 ya eneo la dari. Hiyo ndiyo theluthi ya mita ya mraba niliyoitumia katika hesabu ya juu. Mtu angedhani namba hiyo ilipatikana kwa kupima joto. Haikuwa hivyo. Mwaka 1939 Frank Rowley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, jimbo ambalo majira yake ya baridi huua, walitoa taarifa ya majaribio ya vijumba vilivyowekwa ndani ya chumba kilichopozwa chini ya sifuri. Walitazama mvuke wa ndani ya nyumba ukipanda darini na kuganda kuwa barafu chini ya paa, na wakaona matundu yanapunguza barafu hiyo. Mwaka 1942 idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba ikaandika 1 kwa 300 katika masharti yake. William Rose wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliyeifuatilia historia hiyo baadaye, alionyesha jinsi ushahidi uliokuwa nyuma ya namba ulivyokuwa mwembamba. Yaani kanuni tunayoitumia kupambana na joto la Januari ilizaliwa kupambana na barafu ya Januari.

Nani basi kwetu anaihitaji kwa sababu yake ya asili? Mtu wa Njombe, wa Makete, wa Limuru, wa Kericho. Usiku wa mbingu safi bati humwaga miale yake kuelekea anga, na kwa kuwa ni jembamba, milimita 0.3 tu kwa geji 30, linapoa haraka hadi chini ya joto la hewa yenyewe. Mvuke wa pumzi, wa chai, wa nguo zilizoanikwa ndani, wa maharage yaliyotokota jioni, unapanda darini na kukutana na bati hilo. Asubuhi bati linatoa jasho. Matone yanadondoka juu ya ubao wa dari, yanaacha madoa ya duara ya rangi ya chai, kenchi zinashika ukungu, misumari inaliwa na kutu. Mwenye nyumba hudhani paa linavuja na kumwita fundi azibe matundu ya misumari kwa lami. Fundi anaziba, na kutoa jasho kunaendelea. Nyumba ya namna hii inataka hewa ipite darini usiku na mchana, na inataka moshi na mvuke wa jikoni utolewe nje moja kwa moja, usimalizikie juu ya dari. Hapa Minnesota na Makete ni majirani.

Pwani nako matundu yana kazi, ila si ile ya kungoja hewa ya moto ipande. Nguvu ya kupanda kwa hewa katika dari ya kimo cha mita 1.5 haifiki hata paskali 1. Upepo mwepesi wa mita 3 kwa sekunde, usiotikisa hata kanga kwenye kamba vya kutosha, unaweza kusukuma ukuta kwa paskali 5. Upepo ndio mashine. Kwa hiyo tundu moja, hata liwe kubwa kama dirisha, halisaidii sana: hewa haiingii mahali isipopata pa kutokea. Yanatakiwa mawili yanayotazamana, moja upande unaopokea upepo na jingine upande wa pili, na yakitofautiana kimo ni bora zaidi kwa zile siku ambazo hakuna jani linalotikisika. Miezi inayochoma pwani ni ya kaskazi, Desemba hadi Machi, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Nyumba ambayo pembetatu za kuta zake, kule juu paa linapokutana, zinatazama upande huo na upande wa pili wake ina bahati. Toboa hapo kwanza. Ambayo imekaa kinyume itategemea upenu.

Hapo kwenye upenu ndipo mambo yanapokutana na afya. Mwaka 1988 Steve Lindsay na Bob Snow, kutokana na kazi yao Gambia, waliandika kuhusu upenu kama njia ambayo mbu wa malaria huitumia kuingia ndani. Mbu aina ya Anofelesi akifika ukutani usiku hapotezi muda kwenye dirisha. Hupanda na ukuta mpaka anapokuta uwazi chini ya paa, palepale ambapo hewa yetu iliyojaa kaboni dioksidi ya pumzi inatokea na kumwita. Kuziba upenu ni kinga. Lakini majaribio ya baadaye hukohuko Gambia yalionyesha kwamba nyumba ya bati iliyozibwa upenu inakuwa na joto kuliko ya nyasi, na mtu aliyeshindwa na joto hutupa chandarua pembeni au hulala nje. Kinga moja inaua nyingine.

Njia ya kutoka imeshapimwa. Mwaka 2009 Matthew Kirby, Lindsay na wenzao walichapisha matokeo ya nyumba za eneo la Farafenni, Gambia. Baadhi ziliwekewa wavu kwenye milango na madirisha, na upenu ukazibwa. Nyingine ziliwekewa dari tu, na dari yenyewe ilikuwa ya wavu. Hewa ya moto ilipanda ikapita, mbu walioingia wakapungua. Katika nyumba ambazo hazikuguswa, watoto 30 kati ya kila 100 walikutwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zenye dari ya wavu walikuwa 19, na katika zile zenye wavu milangoni na madirishani walikuwa 19 vilevile. Tafsiri yake kwa mwenye nyumba ni kwamba kupitisha hewa na kuzuia mbu si kazi mbili zinazogombana, alimradi kila uwazi una wavu.

Kwetu Tanzania wazo hilo lilipata mwili Magoda, mkoani Tanga, ambako msanifu majengo Mdenmark Jakob Knudsen na wenzake walijenga nyumba sita za majaribio, na baadaye Mtwara, ambako familia zilihamia katika nyumba 110 za ghorofa zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu kila mahali. Nyumba hizo ni mpya tangu msingi, si kuukuu zilizokarabatiwa. Lakini kanuni zake zinahamishika: lala juu kidogo, acha hewa ikatize, usiache uwazi bila wavu.

Wavu una gharama yake ya hewa. Wavu wa mbu wenye matundu madogo hupunguza sana njia ya hewa, na ukishashika vumbi na utando wa buibui unakaribia kuwa ukuta. Kama hesabu yako ilitaka tundu la ukubwa fulani, likiwekewa wavu lifanye mara mbili, na lipangie siku ya kusafishwa kila mwaka. Wavu mpana wa chuma nyuma yake unazuia popo, ambao wakipata dari kavu yenye giza wanakuwa wapangaji wasiolipa kodi na wasiopewa notisi.

Neno kuhusu feni za kunyonya hewa ya darini. Zinauzwa, zinavutia, na katika nyumba kuukuu huwa zinafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Dari ya zamani ina mianya: pembeni mwa ubao, kwenye shimo la taa, kwenye mfuniko wa kupandia. Feni ikinyonya, haivuti hewa ya nje kutoka upenuni peke yake. Inavuta pia ya chumbani kupitia mianya hiyo. Huko Florida watafiti wamegundua feni hizo zinakula umeme huku zikivuta hewa iliyokwisha kupozwa na kiyoyozi. Ziba mianya ya dari kwanza. Ukiziba vizuri, mara nyingi feni yenyewe haitahitajika.

Na usiku? Wengi huuliza kwa nini bati limeshapoa saa moja jioni lakini chumba bado kinawaka saa nne. Bati halina lawama hapo. Kwa wembamba wake linapoa ndani ya dakika chache jua likizama. Kilichohifadhi joto ni kuta za tofali za saruji na ubao wa dari, vilivyokuwa vikipokea miale mchana kutwa na sasa vinairudisha kwako ukiwa umelala. Ngozi yako ina nyuzi kama 34. Dari yenye 38 inakupasha joto moja kwa moja, na pangaboi haliwezi kuizuia miale hiyo. Linachofanya ni kukausha jasho lako, na kwa usiku mkavu hilo linatosha, kwa usiku wa Machi pwani halitoshi. Anayetaka kulala vizuri saa nne azuie joto saa sita mchana, na jua likishazama afungue madirisha yenye wavu pande mbili ili kuta zipoe kabla ya kulala.

Kwa mwenye fedha kidogo, nami nadhani wengi wetu ndio hao, mpangilio wangu ni huu: kwanza weupe juu ya paa, kwa sababu hauhitaji kubomoa chochote na unapunguza joto kabla halijaingia. Kisha karatasi ya alumini, mng'aro chini, wakati wowote bati au dari inapofunguliwa kwa ajili ya matengenezo mengine. Kuziba mianya ya dari kunaweza kufanywa Jumamosi moja. Matundu mawili yanayotazamana, yenye wavu, yafuate hapo. Kwa mtu wa nyanda za juu zenye baridi, yawe ya kwanza. Kofia inayozunguka inaweza kungoja, na ikikosekana haitakumbukwa.

Kabla hujapanda, tahadhari mbili. Darini mwa nyumba kuukuu mna nyaya za umeme ambazo ngozi yake imekauka na kupasuka; zima swichi kuu, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, kanyaga juu ya kenchi tu. Na kama paa si la chuma bali ni lile la kijivu, zito, la mawimbi, lililowekwa miongo mingi iliyopita, huenda ni la asbesto. Hilo usilitoboe, usilikate, usilikwangue ili kulipaka rangi. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Liulizie kwa mamlaka ya mazingira na liondolewe na wenye vifaa.

Mwisho ni kwa anayeezua bati kuukuu ili aweke jipya. Siku hizi madukani rangi zinazopendwa ni nyeusi, maruni na kahawia iliyokoza, na mitaa mizima inaezekwa hivyo kwa sababu inapendeza kwenye picha. Bati jeusi linaanza maisha yake likiwa na joto ambalo bati la kawaida hulifikia baada ya miaka ya kutu. Nyeupe na krimu zipo kwenye katalogi ileile. Mwenye nyumba ya pwani anayechagua nyeusi asimlaumu fundi wa matundu.